Helmeti Iliyokataa Kuingia

Ninyi mnaosoma haya mkiwa wazima, na ninyi mnaoyasoma mkiwa kitandani mmeegemezwa kwenye mito, nawasalimu nyote. Jina langu ni Mwikali. Nilizaliwa Machakos, nikaolewa Kitengela, na mpaka leo nakaa huko, upande wa barabara ya Namanga ambako upepo hauna likizo. Nimesimama kanisani mara kadhaa nikaeleza jinsi nilivyougua na jinsi nilivyopona. Lakini kanisani mtu hupewa dakika chache, na mimi ni mtu wa maneno mengi. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Kwanza niwaeleze nilikuwa nani kabla ya ugonjwa, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kosa tulilofanya.

Katika miaka ya tisini nilikuwa dereva wa pikapu. Nilipeleka dawa za mifugo kutoka duka moja la Kitengela hadi Isinya, Kajiado, na siku nyingine mpaka Ewuaso Kedong, ambako barabara ilikuwa barabara kwa jina tu. Mume wangu, Baba Mutheu, alikuwa fundi wa magari mwenye gereji yake ndogo. Mutheu ni binti yetu wa pekee. Jumapili niliimba kwaya, sauti ya kwanza kabisa, ile ya juu. Kiongozi wetu wa kwaya alikuwa Mama Otieno, jirani yetu aliyetoka magharibi na kupanga nyumba mkabala na yetu. Alizoea kusema kwamba mimi nikiimba, mbwa wa plotini hunyamaza.

Halafu kulikuwa na Saketi. Kila mpenda magari wa Kenya ameisikia ile saketi iliyo kwenye tambarare huko kwetu, hata kama hajawahi kuiona. Ni barabara ya lami inayojizungusha yenyewe katikati ya nyasi, na ukiwa pale unaiona milima ya Ngong kwa mbali. Mteja mmoja wa gereji, mtu wa Nairobi, ndiye aliyemwalika Baba Mutheu kwenye klabu iliyokutana pale Jumapili moja kila mwezi. Haikuwa klabu ya mabingwa. Walikuwa watu wa kawaida, mwalimu, daktari wa meno, wauza vipuri, na wengine waliokuja na gari lile lile la kupelekea watoto shule. Kila mmoja aliingia barabarani peke yake, akishindana na saa.

Kwenye kona kulipangwa mapipa matupu ya mafuta ili kutupunguzia mwendo. Ukigusa pipa uliongezewa sekunde. Tena klabu ilikuwa na desturi yake. Aliyegusa mapipa mengi kuliko wengine ndiye aliyeyaviringisha yote mpaka stoo jioni, wenzake wakiwa wamekaa kivulini wanakunywa chai na kumshangilia. Desturi hiyo ilipendwa kuliko mbio zenyewe.

Baba Mutheu aliokota gari dogo chakavu, akalifufua, akalipaka rangi nyekundu, nasi tukaliita Katune, yaani kekundu kwa Kikamba. Alilitengeneza aliendeshe mwenyewe. Siku ya kwanza aliendesha, kisha akanipa mimi nijaribu, nikamshinda. Mwezi uliofuata nikamshinda tena. Mtu aliyezoea kupita mitaro ya Ewuaso Kedong na dawa za ng'ombe nyuma hawezi kuogopa kona ya lami. Mwanamume mwingine angekasirika. Yeye alinipa ufunguo. Watu wa gereji walipomcheka aliwaambia kwamba mwenye mkono mzuri ndiye ashike usukani, na kuanzia siku hiyo akawa fundi wangu. Nilisali ibada ya kwanza ya asubuhi, kisha tukaenda Saketi sisi watatu. Miaka hiyo sikuwahi kuviringisha pipa hata moja.

Ugonjwa wangu haukuja na kishindo. Ulianza na pete. Pete yangu ya ndoa ilianza kubana, nikasema nimenenepa. Ilipozidi kubana nikajaribu sabuni, nikajaribu mafuta ya kupikia, haikutoka. Mwishowe Baba Mutheu aliikata kwa msumeno mdogo wa chuma pale gerejini, akaiweka kwenye kopo la skrubu akisema ataiunga siku moja. Baada ya pete vikaja viatu. Nilivaa saizi ile ile tangu nilipokuwa msichana, na sasa vidole vilijikunja ndani. Nikalaumu viatu vya siku hizi.

Niliumwa na kichwa, hapa mbele, kama mtu amenifunga leso iliyolowa akaiacha ikauke. Nilitoka jasho hata katika baridi ya Julai, jasho zito lenye harufu, na nikaanza kubadilisha blauzi mchana. Vidole vilikufa ganzi kwenye usukani. Hedhi ilikoma nikiwa bado kijana, nikafikiri ni mimba, haikuwa mimba. Nilikoroma mpaka Mutheu akahamia chumba cha nje. Meno yangu ya mbele yalianza kuachana. Na sauti ilishuka. Mama Otieno alinitoa sauti ya kwanza akaniweka ya pili, na baadaye, kwa upole wote aliokuwa nao, akaniomba nisimame karibu na wanaume niwasaidie sauti ya tatu. Tulicheka. Nilipofika nyumbani nililia chooni.

Mtasema, kwa nini hukwenda hospitali? Nilikwenda zahanati, si mara moja. Walitibu kichwa kwa dawa za maumivu, walitibu jasho kama malaria. Kila kitu kilikuja peke yake na kwa muda wake, na kila kimoja kilikuwa na sababu. Hakuna aliyeviweka mezani pamoja. Mabadiliko yakija polepole hivyo, hata mume anayekutazama kila asubuhi haoni kwamba uso unabadilika.

Sasa nifike kwenye helmeti.

Helmeti yangu niliinunua kwa mwanaklabu aliyekuwa akihama nchi. Ilikuwa nyeupe, na ilinikaa sawasawa, kana kwamba ilipimwa kwangu. Kisha ikaanza kukataa. Ilibidi niilazimishe kwa mikono miwili, na nilipoivua ilikuwa imeniachia mstari mwekundu kwenye paji la uso. Nilimwambia Baba Mutheu. Aliichukua, akaigeuza, akaingiza ngumi ndani, akatoa hukumu yake.

"Hii imekauka na jua. Sponji ikikauka hujivuta. Wacha nitoe kidogo."

Akachukua kisu cha kukatia sponji za viti, akachonga ndani. Helmeti ikaingia. Baada ya miezi ikakataa tena, akachonga tena. Mwaka ule wa ukame na umeme wa mgao alikuwa ameshachonga mpaka ndani kukabaki kitambaa na ganda. Nyinyi mnaocheka, ngojeni kidogo. Kila mwezi kabla ya mbio kulikuwa na ukaguzi, na mkaguzi wa helmeti alifanya jambo moja tu. Aliishika kwa mikono miwili akajaribu kuizungusha kichwani mwako. Ikizunguka, hukuruhusiwa kuendesha. Yangu haikusogea hata kidogo. Mkaguzi aliniambia mbele ya watu kwamba laiti wote wangevaa kama Mama Mutheu.

Sisi tulikuwa watu wa magari. Kitu kikikataa kuingia, fundi hulaumu kitu. Hakuna aliyewaza kwamba kichwa ndicho kilichoongezeka. Kichwa cha mtu mzima hakikui, kila mtu anajua hivyo.

Baada ya hapo nikaanza kugusa mapipa.

Mwanzoni lilikuwa moja, la upande wa kushoto. Halafu la kulia. Halafu mawili kwa kona moja. Jioni nikajikuta naviringisha mapipa kwenda stoo huku wenzangu wakipiga vikombe kwa vijiko. Mwezi uliofuata, mimi tena. Wakaniita Mama Mapipa. Nilicheka nao, lakini moyoni niliona aibu, kwa maana kuendesha ndicho kitu nilichokijua kuliko vyote. Baba Mutheu alifunga vioo vya pembeni vikubwa zaidi, vya lori. Akainua kiti. Akanizungushia kamba kwenye usukani ili vidole vya ganzi vishike vizuri. Alitengeneza kila kitu ndani ya Katune isipokuwa dereva.

Nje ya Saketi mambo yalikuwa yale yale. Niliparuza nguzo ya geti la duka. Niligonga watu mabega njiani. Siku ya soko la mifugo Kajiado, mama mmoja mzee Mmaasai niliyemuuzia dawa miaka mingi alinisalimia "Supa" kutoka ubavuni, nami nikapita bila kuitika. Kumnyima mzee "Ipa" yake kule ni jambo zito. Habari zilinifikia dukani kwamba Mwikali siku hizi ana maringo. Sikumbuki kumwona mama huyo, na ndilo jambo ninalotaka lieleweke. Mtu ambaye macho yake yamefungwa pembeni haoni giza pembeni. Haoni kitu chochote, na kwa kuwa haoni kitu, hajui kwamba kuna kitu asichokiona.

Siku iliyoniokoa ilikuwa nusura iue mtu.

Tipape alikuwa mmoja wa vijana wa Kimaasai waliosimama kwenye kona na bendera. Bendera ya njano maana yake punguza mwendo. Nilikuwa nikimfahamu tangu alipoanza kazi hiyo, kijana mtulivu, mrefu, ambaye hakupenda kelele za injini lakini alipenda magari. Siku hiyo gari lililonitangulia lilikuwa limeangusha pipa, naye akashuka hadi ukingoni mwa lami, upande wa kushoto, akipunga bendera ili nisiligonge. Mimi nilipita kona kwa mwendo wangu wote. Nilijisikia vizuri. Hata pipa sikuligusa, nikafikiri leo nimewakomesha wenye vikombe na vijiko.

Nilipofika mwisho niliona watu wanakimbia kuja. Nikashuka. Kwenye kioo cha kushoto, kile cha lori, kulikuwa kumenasa kitambaa cha njano kilichoraruka. Nilikiangalia nikamuuliza Baba Mutheu hiki kimetoka wapi. Yeye alikuwa anatazama barabara.

Tipape alikuja kwa miguu, nyasi kavu zimemjaa mgongoni kwa vile alivyojirusha. Hakuwa ameumia. Watu walikuwa wananifokea, yeye hakufoka. Alisimama mbele yangu akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mama Mutheu, mimi nimekupungia hiyo bendera. Ulikuwa unaniona?"

"Sijakuona, Tipape."

"Nilikuwa hapa." Akanyoosha mkono wake mpaka vidole vikagusa bega langu la kushoto. "Kama hivi."

Nilikaa chini kwenye lami moto.

Baba Mutheu alingoja watu watawanyike. Kisha akaniomba niingie ndani ya Katune, nivae mkanda, nitazame mbele kama niko kwenye mbio, nisigeuze shingo. Injini ilikuwa imezimwa. Alichukua kile kitambaa cha njano, akaenda nyuma ya gari, akaanza kutembea polepole ubavuni akikipunga, akaniambia nipige honi nikikiona. Nilingoja. Nilifikiri bado yuko nyuma. Nilipopiga honi hatimaye, alikuwa amesimama mbele ya taa. Akarudi akapita upande wa kulia. Kule pia nilipiga honi alipofika mbele ya taa. Hii yote ilikuwa mchana kweupe, jua la tambarare likiwaka.

Alikuja akachuchumaa mlangoni. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mwikali," akasema, na huwa haniiti kwa jina, "gari haina shida."

Wiki hiyo hiyo alinipeleka Nairobi kwa daktari wa macho, mama mmoja mwenye nywele fupi aliyezungumza taratibu. Aliniweka mbele ya mashine ya taa ndogo ndogo, jicho moja moja, nami nikabonyeza kila nilipoona taa. Karatasi ilipotoka, nusu ya nje ya kila jicho ilikuwa nyeusi tupu. Akaitazama, akanitazama mimi, mikono yangu, pua yangu, kidevu changu. Akaomba kitambulisho changu, kilichopigwa picha nilipokuwa msichana. Alikishika karibu na uso wangu akalinganisha. Halafu akaniuliza maswali ambayo niliona hayahusiani na macho. Viatu vimebana? Pete? Unatoka jasho? Unakoroma? Hedhi je? Sauti yako ilikuwa hivi siku zote? Nilijibu ndiyo, ndiyo, na kila ndiyo ilinitisha. Mwisho akauliza kama kuna kofia yoyote iliyokuwa ikinitosha na sasa hainitoshi.

Baba Mutheu ndiye aliyemweleza. Alieleza kwa aibu, mpaka kile kisu cha sponji. Daktari aliweka kalamu chini.

"Baba, hiyo helmeti ilikuwa inawaambia ukweli."

Picha ya kichwa ilionyesha uvimbe. Alituchorea. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi iliyo kama punje ya njegere, na miongoni mwa kazi zake ni kuamrisha mwili ukue. Yangu ilikuwa imeota uvimbe ulioendelea kutoa amri hiyo kwa mtu aliyekwisha kukua, na wenyewe ukawa kama yai la kware. Sasa ulikuwa unaikandamiza mishipa ya macho pale inapopishana. Haukuwa saratani, lakini ukiachwa ungenimaliza macho, na baadaye moyo. Dawa peke yake haingetosha. Ilibidi utolewe.

Nilimuuliza jambo moja tu. Sikumuuliza kama nitakufa. Nilimuuliza kama pembeni patarudi.

Alisema hawezi kuniahidi. Mshipa uliokandamizwa muda mfupi huamka, uliokandamizwa muda mrefu hufa, na hakuna ajuaye wangu uko wapi mpaka uvimbe utoke. Namshukuru kwa kutonidanganya.

Habari zilienea Kitengela. Wako waliosema Mungu amenichapa kwa kukimbiza magari siku yake. Mmoja alikuja nyumbani akaniambia hivyo uso kwa uso, akinywa chai yangu. Nilikuwa nimeanza kuamini. Mama Otieno ndiye aliyemjibu, bila kupandisha sauti. Alisema kama Mungu angekuwa anachapa watu kwa wanayoyafanya Jumapili, kwaya yetu yote ingekuwa wodini, na kwamba yeye anavyoona, bila hayo magari Mwikali angeendelea kunywa dawa za malaria mpaka awe kipofu. Nimeyafikiria maneno hayo miaka mingi. Ni kweli. Nisingekuwa dereva wa Saketi, nani angenipangia mapipa kushoto na kulia mpaka ugonjwa ujulikane?

Gharama ilisimamiwa na ndugu, kanisa na klabu, kila mmoja kwa kadiri yake, na Mungu anawajua kwa majina. Wakati wa kungoja tarehe ya upasuaji niliona jambo nililolinyamazia. Baba Mutheu alianza kukaa ubavuni kwangu. Zamani tulikaa tukitazamana mezani. Sasa alivuta kiti akakaa kushoto, na nilipogeuka alikuwa ananitabasamia. Nilidhani anataka kuwa karibu.

Daktari wa upasuaji alipitia puani. Sikujua kama jambo hilo linawezekana. Nilipozinduka pua zote mbili zilikuwa zimeshindiliwa pamba ndefu mpaka ndani, nikapumua kwa mdomo, ulimi umekauka kama gome. Damu nyembamba ilitiririka kooni nami nikawa naimeza. Paja liliniuma pale walipokata kipande cha mafuta cha kuzibia tundu. Halafu ikaja kiu. Sijawahi kuona kiu ya namna ile. Nilikunywa jagi baada ya jagi na mkojo ukatoka mweupe kama maji ya bomba, manesi wakiupima na kutikisa kichwa. Walisema tezi imeshtuka, itatulia. Walinikataza kupenga, kupiga chafya mdomo ukiwa umefungwa, na kuinama, nisije nikafungua kiraka. Macho niliyafumba. Ukweli ni kwamba niliogopa kuyajaribu.

Asubuhi moja nesi aliniinua akaniegemeza. Mbele yangu kulikuwa na chupa ya maji ya mshipani ikidondoka. Nikaikazia macho, tone, tone, sifikirii chochote. Na nikiwa bado naitazama chupa hiyo, shingo haijageuka, niliona kitu kinatikisika kushoto. Nikafikiri ni pazia. Halafu nikaona ni bega. Lilikuwa bega la mume wangu. Alikuwa amekaa kwenye kiti ubavuni, analia bila sauti, machozi yanamfika kidevuni, wala hakujisumbua kujificha. Nikaelewa kwa nini kiti kilikuwa kinakaa kushoto miezi yote hiyo. Hapo ndipo alipopata mahali pa kulilia mbele yangu bila mimi kumwona.

Sikugeuka. Niliendelea kutazama chupa, nikasema kwa ile sauti ya pamba puani, "Baba Mutheu, pangusa machozi. Nakuona."

Akaruka kusimama. Akapita upande wa kulia, akainua mkono, akanyoosha vidole. Nikamwambia vitatu. Akaficha viwili. Nikamwambia kimoja. Nesi alitukuta sote wawili tunalia na kucheka, akamfokea kwa sababu nilikatazwa kulia, eti nitapenga.

Sikupona siku hiyo, msidanganyike. Walipovuta pamba nilihisi ubongo unatoka nayo. Kwa wiki nyingi sikusikia harufu ya chakula. Nilikuwa mchovu hata kukunja nguo kulinishinda, na nilimeza vidonge vilivyonitia kichefuchefu kwa muda mrefu. Mpaka leo napimwa damu kila mwaka. Lakini jasho lilikauka mapema kuliko nilivyotarajia. Vidole vilipungua uvimbe, ganzi ikaondoka, na Baba Mutheu akaitoa pete kwenye kopo la skrubu akaiunga kama alivyosema. Ina kovu, na inaingia. Mifupa haikurudi. Kidevu hiki nitazikwa nacho, na kwaya naimba na wanaume, siombi kuhamishwa. Nilikwenda Kajiado siku ya soko nikamtafuta yule mama mzee, nikamsalimia mimi kwanza. Alisikiliza hadithi yote akinishika mkono, kisha akasema "Ashe", yaani asante, akaniuzia mbuzi kwa bei ya juu kama kawaida.

Daktari wa macho alinirudisha kwenye mashine ya taa mara nyingi. Pembe moja ndogo, juu kulia, haijaamka na haitaamka. Kwingine kote karatasi ni safi. Aliponiambia naweza kuendesha tena, nilimwuliza mara mbili.

Ushauri wangu ni mfupi. Mwili wako ukibadilika, usiutafutie sababu kwenye viatu, wala pete, wala umri. Viweke vyote mezani mara moja, mbele ya daktari, hata vile unavyoona aibu navyo. Beba picha yako ya zamani, maana wanaokupenda hawaoni unavyobadilika. Na kama una mgonjwa, usiende kulia mahali asipokuona. Lieni pamoja, mtapumzika. Pale Saketi mimi ndiye mkaguzi wa helmeti siku hizi. Sizungushi tu. Naingiza mkono ndani, na nikikuta sponji imechongwa, mwenye helmeti haendeshi siku hiyo mpaka anieleze viatu vyake vinaendeleaje. Wananicheka, kisha wananieleza.

Shukrani zangu nimezitoa kwa Mungu, kwa madaktari, kwa Mama Otieno, kwa Mutheu aliyerudi chumba cha ndani. Imebaki moja.

Siku niliyorudi Saketi, nikiwa na helmeti mpya kubwa, vijana wa bendera walikuwa wakigawana kona. Ile kona nilikomkosakosa Tipape hakuna aliyeitaka. Sikuwalaumu. Kiongozi wao alishauri iachwe bila mtu mpaka nimalize zamu yangu. Tipape akachukua bendera mpya akaenda mwenyewe.

Nilianza polepole. Niliona pipa la kwanza, la pili, nyasi za pande zote mbili, milima mbele. Nilipoingia kona sikugeuza shingo. Nikamwona kushoto, mahali pale pale, ukingoni mwa lami, bendera mkononi. Nilimwona kabla sijamfikia, nilipomfikia, na nilipokuwa nampita. Nilikuwa nimeogopa kwamba nikikaribia atasogea kidogo, na angekuwa na haki. Lakini Tipape alisimama kwenye nyayo zake, akanipungia, wala hakurudi nyuma.